Shikamoo ya Mchangani

Bibi Selina ndiye aliyemwangusha Evodia mara ya kwanza, na wala hakumgusa. Bibi wa watu alikuwa anatoka kisimani na ndoo yake kichwani, anakata zake barabara pale kwenye kona ya ghala la alizeti. Evodia yuko juu ya pikipiki, gia ya pili, anaanza kujisikia dereva. Akamwona bibi. Basi! Mkono wa kushoto ukaachia usukani wenyewe, kichwa kikageuka, mgongo ukainama, na mdomo ukatoa "Shikamoo bibi" kwa adabu yote aliyolelewa nayo. Tairi la mbele nalo likageuka kumfuata bibi. Evodia akashtuka, akavuta usukani upande wa pili, akabana breki ya mbele kwa vidole vyote, na pikipiki ikamtupa kwenye uzio wa minyaa.

"Marahaba mjukuu wangu," aliitikia bibi Selina, maana salamu ni salamu hata kama aliyeitoa yuko kichwa chini miguu juu.

Paskali, mwalimu wake, alikuja mbio anapiga kelele. "Usishike macho! Dada Evodia, mikono mbali na macho!" Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni si jambo la kuchekea, kuna watu pale kijijini walikaa gizani wiki nzima kwa ajili yake. Akaiteremsha ndoo ya bibi bila hata kuomba ruhusa, akamwosha Evodia uso na mikono mpaka maji yakaisha. Kisha akainua pikipiki, akaiweka kwenye stendi, akakunja mikono.

"Nani kakwambia uachie usukani?"

"Nilikuwa nasalimia."

"Nimekuona. Ulivyogeuza kichwa, ndivyo ulivyogeuza pikipiki. Hiki chombo kinakwenda kunakotazamwa. Ukimtazama bibi, unamgonga bibi."

Hakucheka. Paskali alikuwa mtu wa Kiomboi, dereva wa mradi wa mifugo, mpole kabisa mpaka aone mtu anachezea breki ya mbele. Alipoona Evodia bado anahema, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mwenzake mmoja alikufa hivyohivyo, amenyoosha mkono kumpungia mjomba wake. Evodia akapanda tena kitini, mikono yote miwili kwenye usukani.

Sasa huyu Evodia, ambaye wengi pale walimwita Mama Pendo kwa jina la bintiye, alikuwa mtaalamu wa mifugo wa kata. Alizaliwa Ndago, akaolewa upande huu wa Kinyangiri, kwenye mji wa mzee Lazaro. Mumewe, Clement, alifundisha sekondari huko Manyoni na kurudi likizo kwa likizo, kwa hiyo miezi mingi Evodia alikaa na wakwe zake, analima nao, anakula nao, na asubuhi anakwenda kuchanja mifugo ya watu. Vijiji vya karibu havikumsumbua. Kilichomsumbua ni ng'ambo, vile vijiji vya upande wa pili wa korongo, kule ambako gari linakwama na baiskeli inabebwa begani.

Alikuwa anakwenda kwa miguu na kikasha cha barafu mgongoni. Mwaka uliopita, kipindi cha joto, alifika kule barafu imekwisha kuwa maji ya uvuguvugu. Dawa ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, ikishapata joto haina kazi. Akina mama walikuwa wamefunga kuku wao miguu tangu alfajiri, wamekaa kwenye vivuli wanamsubiri. Ikabidi aimwage dawa chini mbele yao, chupa moja baada ya nyingine. Haukupita muda kideri kikaingia, na alipopita tena kule hakusikia jogoo hata mmoja. Mama mmoja alimtazama tu, akasema, "Bora usingekuja kabisa. Tusingesubiri." Neno lile lilimkaa Evodia kifuani kama mwiba wa samaki. Alikuwa hawezi kulisahau hata akiwa anacheka na watu.

Ndipo mradi ukaleta pikipiki. Si hizi za kubeba abiria, la. Ile ndefu ya porini, tairi zenye meno, tangi limenyanyuka, kiti kiko juu mpaka mtu mfupi anakanyagia vidole. Ilikuwa yake, lakini kwa sharti. Madam Witness, msimamizi wa usafiri wa mradi, angekuja kutoka Singida kumjaribu. Akifaulu, pikipiki inabaki kata hii na ng'ambo inabaki mikononi mwake. Akishindwa, pikipiki na vijiji vyote vya ng'ambo vinakwenda kwa Derick, mtaalamu wa kata ya jirani, na yeye anaitwa wilayani Nduguti kukaa ofisini. Derick kuendesha alijua, hilo hapana ubishi. Ila kila mtu alijua pia kwamba Derick haendi mahali pasipouzwa soda baridi.

Kwa hiyo Evodia alijifunza kwa woga, tena woga wa kweli, wa kukosa hamu ya kula. Kila alipoikanyaga ile mashine ikaunguruma chini yake alitamani kushuka. Paskali akawa anamfundisha kama mtu anayefundisha mtoto kutembea. Simama kwenye vikanyagio, usikae kama gunia. Magoti yabane tangi. Viwiko nje. Mteremkoni acha gia iishike pikipiki, na breki ya nyuma isaidie; usije ukaweka frii kama wale vijana wanaobana mafuta, maana injini ikishaachia magurudumu, kilichobaki ni wewe na Mungu wako.

Na mchanga! Mchanga wa korongo ndio uliokuwa mtihani wenyewe. Kiangazi kile korongo lilikuwa kavu, pana, mchanga mlaini unaomeza kiatu, na huku na huku wafugaji wamechimba visima vya kunyweshea. Kati ya visima kulikuwa na njia moja tu ya kupita, nyembamba, imesagwa na kwato.

"Mchangani pikipiki itacheza," Paskali alimwambia. "Iache icheze. Usiibane. Usiguse breki ya mbele. Usiachie mafuta, maana ukiachia tu, tairi la mbele linazama na wewe unaruka. Macho yaweke kwenye ukingo wa mbele, yasitoke huko mpaka ufike."

"Na nikikutana na mtu?"

"Msalimie kwa mdomo. Shikamoo ya barabarani ni ya mdomo peke yake. Mkono haumo, shingo haimo."

Ni rahisi kusema. Evodia alilelewa kwamba salamu ya kinywa kitupu ni ya mlevi. Lakini alianguka tena kwa sababu ya katekista, akaanguka tena kwa sababu ya wazee waliokaa nje ya mashine ya kusaga, goti likachanika, suruali ikachanika, na hapo akaanza kulazimisha shingo yake ikae. Akawa anapita mbele ya wazee kama mtu aliyemeza mti, macho mbele, anapaza sauti "Shikamooni!" kuelekea kwenye milima.

Wee! Maneno yakaanza siku hiyohiyo. Mama Pendo siku hizi anasalimia upepo. Mama Pendo kapewa pikipiki kasahau watu. Mwingine akasema suruali ndiyo inayompa kiburi. Watu wa kule hawana haraka ya kumsema mtu mbele ya uso wake, ila kisimani wanamsema mpaka maji yanafurika ndoo. Na maneno ya kisimani hayachelewi kufika nyumbani.

Yalifika jioni, wakati wa ugali. Mzee Lazaro hakuwa na desturi ya kusema na mkwewe moja kwa moja. Alikuwa wa kizazi kile ambacho baba na mke wa mtoto wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Akitaka kumwambia jambo alimwambia mkewe, hata kama Evodia ameketi hapohapo anasikia kila neno. Na njiani ilikuwa zaidi. Katika mji ule mkwe wa kike akikutana na mzee njiani, anatoka njiani. Anakaa pembeni kwenye majani, anatua alichobeba, anapiga goti, macho chini, anasalimia, na hanyanyuki mpaka aitikiwe na mzee apite.

"Mwambie mkwe wako," alisema mzee, akimtazama mkewe, "nimesikia anawasalimia wazee huku anatazama pengine."

"Umesikia?" Mama mkwe akamgeukia Evodia.

"Nimesikia mama. Si dharau, mama. Ni hiyo pikipiki. Nikigeuka naanguka."

"Anasema akigeuka anaanguka."

Mzee akatafuna polepole. Alimega tonge lingine, akalichovya kwenye mlenda, akalirudisha kwenye sahani bila kulila.

"Muulize, na akikutana na mimi?"

Evodia alihisi jasho likimtoka shingoni ingawa upepo ulikuwa unapiga. "Nitasimama, mama. Nitazima, nitashuka, nitasalimia kama siku zote."

"Anasema atasimama."

"Haya," alisema mzee Lazaro. "Tutaona."

Alisema hivyo tu. Hakugomba, hakukataza. Laiti angegomba! Evodia angejua pa kushika. Lakini ile "tutaona" ilimwacha macho yamekodoka kitandani, na kesho yake akamuuliza Paskali kwa mzunguko, kama mtu anayeuliza habari za jirani, je, dereva akikutana na baba mkwe wake katikati ya mchanga?

Paskali akamtazama. "Mchangani husimami kwa mtu, dada. Hata kwa askofu."

Siku ya jaribio upepo wa Singida ulikuwa umeamka vibaya, unarusha vumbi na maganda ya alizeti, mabati yanalia. Madam Witness alikuwa ameshafika, mwanamke mrefu wa maneno machache, koti la mvua mwilini kwa sababu ya vumbi, filimbi shingoni. Watu walijaa kwenye ukingo wa korongo kama wamekuja mnadani. Wengine walimtakia mema, wengine walikuja kuona mwanamke akianguka, na hao hawakuficha. Walikuwa wamechagua mahali pazuri pa kukaa.

"Utashuka mteremko," Madam Witness alisema, "utavuka mchanga, utapanda ng'ambo pale Derick aliposimama. Ng'ambo utazima, utapumua, utageuza, utarudi hapa. Ukiwa kwenye mchanga, mguu ukigusa chini, basi. Ukianguka, basi. Kuna swali?"

Evodia akafunga kofia ngumu. Nyuma ya kiti kulikuwa na kikasha cha barafu, kimejazwa chupa za maji ili kiwe na uzito wa kazi. Paskali alipita karibu, akajifanya anakagua mnyororo, akamnong'oneza, "Ule mgunga wa ng'ambo. Macho pale. Ukirudi, kuna mgunga mwenzake huku. Macho hapo."

Akakanyaga. Ikawaka.

Mteremko alishuka vizuri. Gia ya kwanza, injini inanguruma na kumshikilia, mguu wa kulia unagusa breki ya nyuma kidogo kidogo, mawe yanaruka chini ya tairi. Moyo unapiga, lakini mikono inatii. Alipofika chini akasimama kwenye vikanyagio, akabana tangi kwa magoti, akaingia mchangani, na pikipiki ikaanza kucheza kama ng'ombe anayekataa kamba. Iache icheze. Mafuta, mafuta, usiachie. Macho kwenye mgunga.

Ndipo akamwona mzee Lazaro.

Ng'ombe wake walikuwa mbali, kule juu penye visima, wanakunywa. Mzee mwenyewe hakuwa nao. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya korongo, kando kabisa ya ile njia nyembamba, fimbo mkononi, kofia yake ya pama imevutwa mpaka kwenye nyusi, anamtazama mkwewe anayekuja. Hakukuwa na pa kupita pengine. Kushoto shimo la kisima, kulia shimo la kisima.

Ee Mungu wangu! Mwili wote wa Evodia ulitaka kutii. Vidole vya kulia vilianza kulegea kwenye mafuta, magoti yakaanza kukunjika, shingo ikaanza kuvutwa upande kama ina kamba. Alikuwa ameahidi. Aliahidi kwa mdomo wake, mbele ya ugali. Tairi la mbele likalala, likachimba mchanga, nyuma ikayumba upande wa mzee, na watu wa ukingoni wakasema "Aaah!" kwa pamoja. Kwa sekunde hiyo alijua pikipiki ikianguka haitamwangukia yeye peke yake.

Akavuta mafuta. Hakujua ujasiri ule ulitoka wapi. Ulikuwa woga mwingine tu, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Akaung'ang'ania mgunga kwa macho kama mtu anayezama. Alitaka angalau kutoa salamu ya mdomo, lakini mdomo ulikuwa umeshikwa na neno moja tu, mafuta, mafuta. Akampita baba wa mumewe karibu kiasi cha kuona katambuga zake za tairi na kidole gumba kilichopasuka, akampita bila shikamoo, bila goti, bila chochote, mbele ya kijiji kizima.

"Kampita!" mtu alipiga kelele ukingoni. "Kampita mzee!"

Alipanda ng'ambo, akafika kwa Derick, akazima. Masikio yalikuwa yanalia. Derick alikuwa anatabasamu nusu.

"Umempita mkweo kama kisiki," alisema.

Evodia aliiweka pikipiki kwenye stendi, akavua kofia, akashuka ule ukingo kwa miguu, akarudi mchangani. Kwenye ukingo wa nyumbani watu walisimama wote. Alitembea mpaka kwa mzee Lazaro, ambaye alikuwa bado hajasogea, akatoka kwenye njia, akapiga goti kwenye mchanga wa moto, akashusha macho.

"Shikamoo baba."

Upepo ukapita. Ng'ombe mmoja akalia kule visimani. Mzee hakuitikia.

"Shikamoo baba," alirudia Evodia, na sauti ikamkwaruza.

"Nilisimama hapa makusudi," alisema mzee Lazaro.

Alikuwa anasema naye. Yeye mwenyewe, hakupitia kwa mtu. Evodia alishtushwa na hilo kabla hata ya kuyaelewa maneno.

"Ulisema mwenyewe ukigeuka unaanguka," mzee aliendelea. "Nikasema, basi, atageuka. Mkwe wangu hawezi kunipita. Atageuka, ataanguka, hiki chombo kitaondoka, na wewe utabaki nyumbani na heshima yako. Watu wananiuliza kama nilimwoza mwanangu mwanamke au dereva."

Damu ilimpanda Evodia kichwani. Hasira ilimjia ya moto, ya waziwazi, hasira ambayo mkwe hatakiwi kuwa nayo mbele ya mzee, na aliiacha imjie. Alinyanyua macho.

"Ningekuangukia wewe, baba! Ulikuwa unataka nikuue?"

Mzee akainama kutazama miguu yake. Kwenye muundi wa mzee kulikuwa na mchanga uliorushwa na tairi, na suruali ilikuwa na alama nyeusi ya mnyororo pale nguo ilipoguswa.

"Sikujua inakuja vile," alisema taratibu. "Nilidhani inakuja kama baiskeli."

Filimbi ya Madam Witness ililia kutoka ukingo wa nyumbani. Ikalia tena. Evodia alisubiri pale gotini, akasubiri neno moja tu, lile ambalo bila hilo hajawahi kunyanyuka mbele ya mzee tangu aolewe. Mzee alikuwa anatazama alama ile kwenye suruali yake. Filimbi ikalia mara nyingine, ndefu, yenye kuchoka.

Akanyanyuka bila kuitikiwa. Alitembea kurudi juu huku machozi yanamwunguza, hajui analia kwa hasira au kwa aibu au kwa vyote. Alipofika kwenye pikipiki akavaa kofia, akafunga mkanda.

"Unaonaje niirudishe mimi?" alisema Derick. "Ukae tu. Hakuna atakayekulaumu."

"Funga mdomo, Derick."

Alikaa juu ya pikipiki bila kuiwasha. Akapumua. Akapumua tena. Akawaza kuku waliofungwa miguu, wale akina mama kwenye vivuli, dawa inayomwagika chini. Kisha akakanyaga, ikawaka, akageuza, na kushuka.

Mchanga wa kurudi ulikuwa mbaya zaidi. Njia ilikuwa imeshachimbwa na tairi lake mwenyewe, na upepo sasa ulimpiga ubavuni. Pikipiki iliyumba kushoto, ikayumba kulia. Akasimama, akabana tangi, akatafuta mgunga wa upande ule, akaupata kwa shida katika vumbi.

Alijua mzee bado yupo. Alimwona pembeni ya jicho, kivuli cheusi, kofia ya pama. Alikuwa amerudi nyuma hatua nyingi, ametoka njiani kabisa, mpaka kwenye lundo la mchanga wa kisima. Na Evodia, Mungu amsamehe, alitaka kumtazama kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Alitaka kuona uso ule una nini. Kama kuna nyumba ya kurudi jioni, au hakuna. Shingo ikaanza kwenda. Akaizuia, ikaenda tena, na tairi la mbele, bila hiana, likaanza kwenda nayo kuelekea kisimani.

"Usigeuke!"

Ilikuwa sauti ya mzee Lazaro, sauti ya kuitia ng'ombe, iliyopasuka katikati.

"Usinitazame! Tazama unakokwenda! Marahaba mwanangu, marahaba, marahaba! Usigeuke!"

Mgunga ukawa hauonekani tena vizuri, ni kitu cha kijani tu kinachoelea kwenye machozi, lakini Evodia alikiangalia hichohicho. Akavuta mafuta, tairi likanyooka, na pikipiki ikaanza kupanda ukingo.